Sifuri Nukta Saba

Luku inasoma sifuri nukta saba.
Trei moja itaiva, najiambia,
naanza kutwanga korosho.

Korosho za vipande, za bei ya chini,
nimepimiwa kwa kikombe Tandika;
muuzaji akatupia kiganja zaidi: "Cha watoto."
Sina watoto. Nilipokea.

Siagi, sukari, unga, chumvi ya kuonja.
Unga huu haukandwi, unabembelezwa;
ukiukasirikia utakulipa
biskuti ngumu kama tofali.

Joveta wa chumba cha pili anachungulia.
Hatujasemeshana tangu ugomvi wa bili ya maji.
"Unapika nini?"
"Biskuti."
Pua yake haijui kununa.

Dakika ya kumi na mbili luku inalia,
oveni inafumba jicho.
Nimesimama na trei: zimelala nyeupe,
si mbichi, si mbivu.

Joveta haulizi. Anarudi na jiko lake,
makaa yamekolea, sufuria, mfuniko;
anapalia moto juu
kama tunavyopalia wali.

Zinatoka na madoa, nyingine makalio yameungua.
Tunakula hizo kwanza,
ngazini, makombo mapajani.
Bili ya maji iko ndani,
juu ya friji iliyozima.