Vibati Kumi na Kimoja

Mwezi wa tatu, Mendoza, nilikuwa mgawa vibati.
Nakaa ukingoni mwa lori, miguu inaning'inia,
mfuko mapajani.
Wanakuja mbio kati ya mistari ya mizabibu,
ndoo begani, kilo ishirini na maji yake,
wanapanda ubao, wanamwaga, wananyoosha kiganja.
Ndoo moja, kibati kimoja.
Ndoo pungufu: rudi ukajaze.
Kiduara cha shaba, kipana kama kifungo cha koti,
upande mmoja herufi mbili za don Evaristo,
upande wa pili mtupu.
Jumamosi kinageuka pesa.
Kabla ya Jumamosi ni mlio tu.

Nemesia Tolaba alitoka Tarija, ng'ambo ya mpaka.
Hakukimbia. Alitembea kama aliyebeba mtoto mgonjwa,
na bado jioni vibati vyake vilishinda vya vijana.
Alivishona ndani ya pindo la sketi,
tukamsikia kabla hatujamwona.
Nyigu walimtua mikononi, naye hakuwafukuza.
"Nao wamo kazini," alisema.

Alasiri ile ilinyamaza.
Mlima Tupungato ulivaa wingu la kijani,
kijani cha jeraha linalopona.
Jirani wakafyatua makombora yao ya kuvunja mvua ya mawe;
wingu halikusikia.
Dakika saba. Nilizihesabu chini ya lori, uso kwenye vumbi.
Mawe kama mayai ya njiwa,
na sauti yake, sijui niseme nini,
kokoto zinamwagwa, zinamwagwa, haziishi.

Tulipotoka, mizabibu ilikuwa uchi.
Mwishoni mwa mstari wa kumi na tisa
zilisimama ndoo kumi na moja za Nemesia,
barafu juu ya zabibu, nyeupe juu ya nyeusi.
Alizijaza kabla. Alingoja tu zamu ya lori.

Don Evaristo alikuja na viatu vya mjini.
Akatazama ndoo, akanitazama mimi.
"Hizo si zabibu," akasema. "Hayo ni maji."
Mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko.
Nilivigusa vibati kwa ncha za vidole. Vilikuwa baridi.

Sikutoa.

Nemesia hakubisha. Alimwaga ndoo mojamoja,
si ndani ya lori, bali kwenye mfereji,
na mfereji ukaenda nazo, mwekundu,
hadi shamba la watu wengine.

Miaka kumi na minne sasa. Mizabibu iling'olewa,
pamejengwa nyumba zenye geti na bwawa la kuogelea.
Benki ilichukua mashine, wadai wakachukua mapipa,
mfuko wa vibati hakuna aliyeutaka.
Ninao. Uko chini ya kitanda, karibu na viatu.

Juzi, dukani mjini, niliona chupa ya mwaka ule
ndani ya kabati la kioo, na taa yake yenyewe.
Mavuno yalikuwa haba, muuzaji akaeleza, ndiyo sababu ya bei.
Inanukia plamu, akasema, na ardhi iliyonyeshewa.
Nikamwuliza aliinusa lini.
Akacheka. Hajawahi kuifungua.

Nikaenda kituo cha basi, dirisha la Tarija,
nikauliza kama kifurushi hufika
kwa jina tu, bila mtaa.
Karani akakipima kiganjani, akakitikisa,
akakaa kimya kidogo, kama anayesikia mtu anakuja.
"Sarafu?"
Nikasema, hapana.
Nikasema, vifungo.