Boga Lenye Meno

Kilawe wa Kiboriloni, mchoma filamu,
haweki kitu kwenye flashi kabla hajauliza umri.
"Mia tano moja, tatu kwa elfu,
ila kwanza niambie, kitinda mimba ana miaka mingapi?"
Mitano, namjibu. Wa kati tisa.
Mkubwa kumi na minne, sauti imeshaanza kukwaruza
na siku hizi hunijibu kwa mabega.

Shuleni kwao Oktoba imefungwa kwa vinyago,
kila mtoto aje Ijumaa na sura isiyo yake.
Aikande kachorwa masharubu ya paka kwa wanja wa shangazi,
kakataa kunawa.
Sasa wanataka za kutisha, wote watatu,
kochi moja, blanketi moja.

Kilawe akapekua, akasema kwa sauti ya chini
kama mwenye duka la dawa anayekuandikia dozi:
"Hii ya mitano. Kuna boga lina meno, lakini linaogopa giza.
Hii ya tisa. Nyumba, ngazi, mlango wenye tabia zake. Damu hamna.
Hii ya mkubwa, wadogo wakishalala.
Na hii hapa..." akaifunika skrini kwa kiganja,
"hii hata mimi niliizima."

Boga lenye meno!
Marehemu mama angeliona limetobolewa macho
angeuliza ni nani kaharibu chakula,
na mbegu kazipeleka wapi.

Usiku wa Ijumaa nikazikagua peke yangu,
sauti chini, kidole kwenye rimoti,
naandika nyuma ya risiti ya luku:
dakika ya ishirini na mbili, popo wengi, mshike mkono.
Arobaini na moja, mkono unatoka ukutani, rusha mbele.
Hamsini na nane, wanabusiana, kohoa.
Nilijiona mlinzi wa geti,
hakuna zimwi la kupita bila kitambulisho.

Jumamosi mvua za vuli zikagonga bati,
bisi zikaruka sufuriani, taa tukazima.
Popo wakaja, Aikande akawahesabu.
Mzimu ukatokea, akauliza
mbona umevaa shuka la bibi.
Elisaria akacheka mpaka akapaliwa,
na Anaeli, kichwa kwenye simu, akaguna: "Ya kitoto hii."

Kisha pale ambapo risiti yangu haikuandikwa kitu,
pasipo damu, pasipo kucha, pasipo hata muziki,
mama wa boga akachukua begi,
akambusu mwanawe kwenye kikonyo,
akasema, nitarudi,
akaufunga mlango polepole.

Aikande akaliweka chini bakuli la bisi.
"Huyu naye ameenda Muskati?"

Mvua tu ndiyo iliyojibu.
Mwaka wa pili huu, simu kila Ijumaa,
picha inaganda mdomo ukiwa wazi,
nasi tunaingoja ifunguke kama dirisha lililovimba kwa maji.
Kilawe aliuliza umri, nikamtajia umri.
Hakuuliza nani hayupo.

Anaeli akaweka simu pembeni.
Akambeba mdogo wake akampakata,
na yale mabega niliyodhani ni ya kunijibia
yakawa ukuta.
"Rusha mbele, baba."

Nikarusha.
Boga likalia haraka haraka, likatembea haraka haraka,
usiku wake ukapita kama gari la wagonjwa,
popo, mzimu, daraja, popo tena,
na mama bado hayupo, bado, bado,
hadi mwisho kabisa, kitasa kikazunguka.

"Hapo! Rudisha!" Aikande kapiga kofi.
Nikarudisha. Mlango ukafunguka, begi likatua sakafuni.
Mara ya pili. Mara ya tatu, Elisaria akisema maneno kabla ya mama kuyasema.
Mara ya nne Aikande alikuwa ameshalala,
masharubu yamechuruzika mpaka kidevuni.
Nikanyoosha mkono nizime.

"Mara moja tena, baba,"
akasema wa miaka kumi na minne.