Tua

Siku ya kwanza, shambani Ngomeni,
ulisema "Kata!" kama ulivyofunzwa ng'ambo,
na Ntahondi akakata.
Akakata jani, akakata la pili, akafunga tita.
Kamera imeshazimwa, mpiga picha anajifuta jasho,
wewe unapunga mikono, "Kata, jamani, nimesema kata!"
naye maskini anazidisha kasi,
akidhani mama wa serikali hajaridhika na kazi.

Tulicheka. Wewe hukucheka.
Ulikaa juu ya sanduku la lenzi ukichora mchangani,
halafu ukaniita mimi, mshika kibao:
"Singano, kwenu mtu akifika na mzigo kichwani, huambiwaje?"
Nikasema, "Huambiwa tua, mama."

Basi hatukukata tena.
Kila picha ikaanza kwa "Twende," ikaisha kwa "Tua,"
na Ntahondi akawa anashusha panga polepole
kama anayelaza mtoto.

Kipima mwanga chako kilikuwa na mshale mwongo.
Waliokiunda, ulisema, hawajapata kumtazama
Muha wa Kasulu saa saba mchana akitoka jasho.
Ukafungua lenzi kuliko mshale ulivyotaka.
Ukampaka mafuta ya nazi kwenye mashavu.
Mimi na mpishi tukainua bati la paa la kambi,
likamrudishia jua upande ule wa kivuli,
mikono ikituungua, wewe hujali:
"Asitoke mweusi kama shimo.
Atoke mweusi kama mtu."

Reli ya kamera hatukuwa nayo.
Tukaazima kiberenge cha kubebea mkonge,
mpiga picha akalala kifudifudi, sisi tukasukuma,
mistari ya mkonge ikafunguka na kufumba
kama kitana kinachopita nyweleni,
hadi mwisho wa reli, na pale
ng'ombe wa mtu, hajulikani wa nani, anacheua.
Nikakimbia kumfukuza. Ukanishika shati.
"Mwache. Yeye ndiye aliyefika kwa wakati."

Kisha ile kadi.
Ya tangu enzi za manamba, aliihifadhi kwenye mfuko wa sukari:
namba elfu nne mia moja sabini na mbili,
na penye jina, tundu la panya.
Uliitazama muda mrefu.
Ukasema, sogeza, uso tu, ujae fremu nzima, msiseme naye.
Fremu ishirini na nne kwa sekunde.
Mtu aliyehesabiwa mara moja, aliposhushwa kwenye treni,
akahesabiwa tena na tena mchana ule,
na kila hesabu ilikuwa na macho.
Hukusema tua.
Mkanda ulijiishia wenyewe, ukapapatika ndani ya kamera,
naye bado anatutazama.

Makopo saba yalipakiwa bandarini Tanga kwenda kusafishwa Ulaya.
Ikarudi ankara.
Ofisi ikajibu, fungu la mwaka huu limekwisha.
Mwaka uliofuata ofisi yenyewe ikawa imekwisha.
Wewe ukafundisha jiografia Chumbageni,
barua zako ukizipiga taipu usiku, nakala tatu tatu,
na moja ya nakala hizo ninayo, imeliwa na mende pembeni,
inaanza: *Kwa heshima naulizia watu wangu.*

Mwantumu Shehoza, wajukuu wananiuliza
mwanamke wa kwanza wa kwetu kuongoza filamu alitengeneza nini.
Nawasimulia ng'ombe. Nawasimulia bati.
Wanatafuta kwenye simu, hawaoni kitu,
wananitazama kama mzee anayetunga.

Kibao nilikuwa nacho miaka yote.
Juzi nimekikuta jikoni, mke wangu anakatia vitunguu;
chaki imefutika,
na bawaba ile moja, kila kisu kikishuka,
inalia *pa*,
nami nanyamaza palepale mlangoni, nangoja useme.