Korja

Boriti ya kumi na moja imelika na mchwa.
Naishusha kwa kamba, vumbi la chokaa likinijaa machoni,
na kichwani pake, pale shoka lilipomalizia,
naziona: chale tatu, moja imelala.
Alama ya tajiri gani, anauliza kijana wangu.
Ya Mfaume Nandonde. Hapa Mikindani
nyumba isiyo na chale zake imejengwa juzi.

Alianza na shoka la kuazima.
Maji yakitoka aliingia tope la mikandaa
hadi kiunoni, chaza wakimchana nyayo,
akakata fito, kisha pau,
kisha mazio, kisha boriti,
kama mtoto apandavyo juzuu.

Kuandika hakujua. Alihesabu kwa korja:
ishirini, fundo kwenye ukindu. Ishirini, fundo.
Aliyetaka kujenga alimjia na nta, na ufuta,
naye akamuuliza: Chumba kimoja au viwili?
Wake wangapi? Mvua inakupigia upande gani?
Akakopesha. Hilo usilisahau, alikopesha.
Wengi walilala chini ya miti wasiyoilipia,
naye akipita asubuhi
alitazama paa kwanza, ndipo akasalimu.

Wadachi walipojenga boma lao
(kwa boriti za nani, nawe?)
waliuliza nani azijuaye nyumba zote, Sudi hadi Msimbati.
Watu wakageuza shingo upande mmoja.
Akapewa kilemba, kiti, askari wawili,
akaitwa Akida.

Alianza vizuri, tusimdhulumu.
Wiki ya kwanza alikata kesi saba
na mbuzi wa Binti Nakuchema akarudi zizini.

Kisha ikaja kodi. Rupia tatu kila nyumba.
Watu wakabanana kumi na wanne chini ya paa moja,
wakabomoa zilizobaki, wakaficha miti korongoni.
Yeye hakuingia ndani mwa mtu. Alikaa kitini,
akaufungua ukindu wa zamani, fundo, fundo, fundo:
"Liponda, wewe nilikuuzia mazio arobaini.
Mazio arobaini hayaingii nyumba moja.
Ya pili umeiweka wapi?"

Hakupiga mtu. Walipiga wale askari.
Yeye alikuwa akihesabu.

Alikufa kwa homa, mwaka wa njaa.
Kaburi likachimbwa, maiti akashushwa,
na watu wakasimama. Mti wa kufunikia mwanandani haukuwapo.
Mji mzima wa boriti, na hakuna
aliyekumbuka kuja na hata fito.
Maimamu wawili wakakohoa.

Ndipo upande wa ukuta, wanawake wanaposimama,
Binti Nakuchema akatua mzigo begani,
vipande vya nyumba aliyoibomoa kwa mkono wake,
tope la korongoni bado limeganda:
chale tatu, moja imelala.
"Mpeni," akasema. "Sikumaliza kuvilipia."

Kijana wangu amenyamaza. Nakata ncha iliyolika,
inabaki pima moja na shubiri, mti mgumu, mwekundu ndani,
msumeno unalia.
Mwenye nyumba anachungulia mlangoni:
Fundi, korja ya boriti mpya siku hizi ni kiasi gani?
Namwambia hatuuzi tena kwa korja.
Namwambia, ulizia moja moja.