Ukuta wa Upande wa Mto

Mwezi wa saba Arusha haina jua, ina tetesi za jua.
Ukungu unapanda kutoka Themi kabla ya adhana,
unaingia bila hodi, unaegemea ukuta wa jikoni
hadi chai ya pili.

Fundi Anaeli Kaaya amekuja na tindo tatu,
burashi ya waya, na pipa la chokaa
aliyoiloweka tangu Kwaresima.
Hakuja na saruji. Nilimuuliza mara mbili.

Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza, akasogea, akagonga tena.
Penye uzima palijibu kwa neno fupi.
Chini ya dirisha palijibu kama debe.
"Mama Ndekirwa," akasema, "nani aliiziba nyumba pumzi?"

Niliangalia sufuria.

Tofali hizi, alinieleza, ni za kuchoma za zamani,
laini kama mkate wa juzi,
na kati yake chokaa, laini zaidi.
Maji ya mto hupanda kwa miguu ya nyumba;
hilo halina dawa.
Ila yakishapanda yapewe mlango wa kutokea.
Mlango ulikuwa kwenye viungo.
Saruji ikaukomea.
Maji yakapita mwilini mwa tofali,
yakaacha chumvi, chumvi ikaibambua
ganda kwa ganda, unga mwekundu sakafuni
niliokuwa nikiufagia kila Jumamosi
miaka ishirini na sita
nikidhani ni vumbi.

Ni Sifaeli aliyeziba.
Mwaka ule wa mvua za Elinino,
mtoto akikohoa usiku kucha chumba cha nyuma,
alikopa kazini mifuko minne,
akakoroga mwenyewe juu ya bati kuukuu,
karani wa posta, vidole vya wino,
mwiko wa kuazima.
Akajaza kila ufa kwa mwanga wa chemli.
Asubuhi alisimama uani, suruali imekakamaa magotini:
"Baridi haitaingia tena humu."
Haikuingia.
Ile iliyokuwemo ndani nayo haikutoka.

(Mtoto alipona. Hilo nalo lihesabiwe.)

Siku tatu tindo inasema ti, ti, ti.
Fundi hataki mashine; mashine, anasema,
haijui saruji inaishia wapi na tofali inaanzia wapi.
Ndekirwa anapiga simu kutoka Dodoma:
mama, si upige plasta tu, upake rangi, yaishe?
Namwambia asikilize. Nainyanyua simu ukutani.
Ti, ti.
Anasema mtandao mbaya.

Siku ya nne Anaeli akasogeza kabati,
akasita, akaniita.
Pale kwenye kona mwiko haukupenya.
Palijazwa kwa kidole:
mifereji mifupi, mmoja juu ya mwingine,
na pembeni yake mkwaruzo mwembamba
pete ilipogusa saruji ikiwa bado mbichi.

Nikaweka kidole changu mle. Hakikujaa.

"Nang'oa na hapa?"
"Hapa paache."
"Patalowa, mama. Hizi tofali tano zitakwisha."
"Lini?"
Akazipima kwa macho, akanipima na mimi.
"Baada yako."
"Basi tumeelewana."

Akacheka kidogo, akafuta tindo kwa kanga yangu ya mkono,
akaendelea na upande wa pili.

Jumamosi alilipwa, akala ndizi na nyama, akaaga.
Akaniachia magunia na masharti:
chokaa haipendi kuharakishwa, hasa kwenye baridi hii;
funika, nyunyiza asubuhi, mchana, usiku,
wiki mbili, usichoke.

Kwa hiyo sasa ni saa nne usiku.
Mto unasikika kwa sababu barabara imenyamaza.
Nina ndoo, nina kata, nina sweta la marehemu.
Nanyunyiza ukuta kama mtu anayenawisha mgonjwa uso,
viungo vyeupe, kimoja kimoja, hadi kwenye kabati.

Pale kwenye kona sinyunyizi.
Pana maji yake.