Taarifa ya Mhazini

Wajumbe wa kamati,
fedha zilizokusanywa ni elfu tisini na tatu na mia tano,
na hiyo mia tano ni ya Gwakisa, aliyeitoa
baada ya kuapa mara tatu kwamba hana kitu.
Turubai tulikodi. Spika tulikodi.
Ngoma tuliazima Katumba kwa Mama Asumwisye,
mjane wa mpigaji, aliyetuandika majina
kwenye daftari lake la maziwa, akasema:
ikipasuka msirudi na maneno, rudini na ng'ombe.
Ilipanda bodaboda, Bupe ameikumbatia
kama mgonjwa anayewahishwa Makandana.

Ratiba niliichapa mwenyewe.
Saa tatu, wageni kuketi. Saa tatu na robo, sala.
Saa tatu na nusu, watoto kufundishwa mila zao.
Mstari huo naomba mniruhusu niukate.

Maana saa tatu na dakika kumi
mlima Rungwe ulijivutia blanketi,
na mvua ya Tukuyu, mnaijua, haibishi hodi,
huingia kama shemeji, ikaketi, ikasubiri chai.
Spika ilikohoa mara moja.
Turubai likaota tumbo,
Ipyana akalisukuma kwa mpini wa fagio
na maji yote yakamshukia mgeni rasmi.
Watoto mia na sitini, sweta za kijani,
kandambili, udongo mweusi hadi magotini,
wakaangua kicheko kisichokuwa kwenye ratiba.

Na ngoma.
Ngoma ilikuwa imelewa ukungu.
Ukiipiga inajibu bwa, kama godoro.
Sisi wa mwaka wa pili, wenye alama ya A
katika somo la Sanaa na Utamaduni,
tuliizunguka tukitazamana.
Lusajo akatafuta mtandao. Mtandao nao umelowa.

Ndipo katoto kamoja, Tumpale, pengo mbele,
kakauliza, si kwa dharau, kanataka kujua tu:
"Kwani nyie kwenu hamna moto?"

Kuni zote zilikuwa mbichi. Hakungoja tuseme.
Alichomoka mvuani, nyuma yake wengine,
kundi zima likateremka kati ya migomba na chai
tukabaki na viti.
Bupe akasema, tumewapoteza.
Mimi nilishaanza kupiga hesabu ya soda zitakazobaki.

Wakarudi. Wawili wawili, kisha kwa mafungu,
kila mmoja na kitambi cha ajabu chini ya sweta:
magunzi.
Magunzi makavu ya juu ya kichanja,
mahindi yake yalishapukuchuliwa, yakaliwa, yakasahaulika.
Mvulana mmoja alileta kaa la moto ndani ya kopo,
akilining'iniza, akilipuliza,
kama padre na chetezo chake.

Moto ulishika nyuma ya choo cha walimu, penye bati.
Tumpale akaigeuza ngoma taratibu,
anatega sikio, anagonga kwa ukucha,
bado,
anageuza, anagonga,
bado,
mpaka ngozi ikajikaza
na kuku wa mwalimu mkuu wakaruka ua.

Yaliyofuata hayana risiti.
Mgeni rasmi alivua viatu, soksi akazitia mfukoni.
Mimi wa kuzaliwa Soweto, Mbeya mjini,
ninayejua kusema ndaga na matusi mawili,
nilivutwa mkono na mtoto wa darasa la kwanza
akanihesabia hatua kwa sauti, akinigombeza,
na nilipopatia, hakunipongeza,
aliendelea tu, kana kwamba ndivyo watu walivyo.

Salio ni elfu mbili na mia nane.
Soda hazikubaki.
Ngoma tulirudisha Jumatatu.
Mama Asumwisye aliigonga mara moja, akanyamaza kidogo,
akauliza: nani aliyeikausha?
Tukamtajia.
Akachukua kalamu, akatufuta majina yote sita.
Kisha akapima lita moja ya mtindi, akafunga kifuniko:
mpelekeeni.

Nimelipeleka. Ila mtindi huo, wajumbe,
na yale magunzi,
sijui niyaingize upande gani wa kitabu.