Jina la Maji

Baba alipoulizwa kwao, alisema Manila,
kwa kuwa karani wa uhamiaji alikuwa na haraka
na nafasi kwenye fomu ilikuwa fupi.
Manila hakuwahi kulala hata wiki mbili.

Alikuja Moshi kupima majaruba ya mpunga,
kule Chekereni, kabla mimi sijazaliwa,
suruali imekunjwa magotini, vigingi begani.
Jioni alirudi Rau na tope hadi kwenye nyusi,
akala wali na dagaa, akacheka peke yake.
Watoto wa mtaa walituita Wachina.
Nilikua nikiitika.

Tulimzika Machi, mvua ya kwanza.
Chini ya sanduku lake, ndani ya fulana kuukuu ya kazini,
nikakuta mtu wa mti:
amechuchumaa, mikono juu ya magoti,
usoni hana kitu ila subira
na masizi ya jiko ambalo si letu.

Nikampigia Shangazi Bugan, usiku wetu, alfajiri yao.
Jogoo wake akawika ndani ya simu yangu.
"Huyo ni bulul," akasema. "Mlinzi wa mpunga ghalani.
Walikuwa wawili. Mwenzake yuko hapa,
anatazama ukuta tangu kaka yangu aondoke."
Kisha: "Mnamlisha?"
Nikatazama stoo: debe la mahindi, mkungu wa mchare,
baiskeli isiyo na mnyororo.
"Wenye nchi mliwapigia hodi?
Maji mnayokunywa yanaitwaje?"

Ya bomba, Shangazi.

Kimya chake kilimaliza salio.

Asubuhi nikaenda kwa Mama Aikaruwa, aliyetukatia kiwanja,
nikamuuliza jina la mfereji unaopita nyuma ya choo chetu.
Akasimama na ufagio.
"Mfereji," akasema. Halafu akaona haya,
kama mtu aliyesahau jina la mtoto wake wa tatu.
"Bibi alikuwa akiuita. Akiuita nani vile..."

Tukaupanda, sisi wawili, ndala mkononi,
nyuma ya kuta zenye vigae vya chupa,
chini ya kalavati, ndani ya kihamba cha mtu asiyetujua,
mahali maji yamezibwa na nepi na matofali,
mahali yameanza upya, membamba, bila kinyongo.
Mama Aikaruwa akasalimu migomba njiani:
mchare, kisukari, mzuzu, mkono wa tembo.
Baba aliniambia zamani kwamba mgomba ulitoka pande za kwao,
ukavuka, ukatutangulia huku.
Nikayameza. Kuna maneno hayasemwi
ukiwa ndani ya shamba la watu.

Kwenye banio, kijana alikuwa akiosha pikipiki.
Jina alilijua. Alitutajia bila hata kugeuka:
lilikuwa kwenye risiti ya faini
aliyopigwa na kamati ya mfereji.

Mama Aikaruwa akaketi majini na kanga yake yote.
Lilikuwa jina la ukoo wa bibi yake.
Sitaliandika hapa. Sikupewa mimi,
nililisikia tu nikiwa nimesimama karibu.

Akachuma jani la isale ukingoni,
akalifunga fundo, akanishikisha.
"La kuomba radhi," akasema.
"Sijui nani kamkosea nani. Wewe shika."

Usiku nikamweka bulul juu ya debe,
isale magotini pake,
na mbele yake mbege, kwenye kikombe cha plastiki.
"Pombe ya mchele?" Shangazi akauliza.
Ya ndizi na ulezi.
"Hataielewa." Akafikiri. Jogoo akafikiri naye.
"Mpe kidogo kidogo."

Asubuhi kikombe kilikuwa nusu.
Panya, nadhani.
Nikaongeza.